Kifua cha Sufu

Huku kwetu Kwai baridi humsitiri mtu mengi. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa mwembamba kiasi kwamba shangazi, kila nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akauliza kama nyumbani kwetu wanapika. Dawa yangu niliipata kwenye mitumba ya Mlalo: masweta. Nilivaa la shingo ndefu, juu yake la shule, juu yake la bibi lenye vifungo vya maua, kisha koti kubwa la kuficha ushahidi. Nikawa na mabega! Nikatembea nimetanua mikono kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

Rafiki yangu wa jirani alikuwa na mwili wa kweli. Mchana alipakia karoti kwenye malori, jioni alinyanyua chuma chake cha kujitengenezea: bomba la maji lenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji huku na huku. Nilimwonea wivu hadi nikamchukia kidogo.

Halafu akaanza kuharibika. Akaacha kula na wenzake, akawa anabugia mayai mabichi peke yake nyuma ya nyumba. Akaacha kwaya. Bega lilimuuma, mkono haupandi hata kuchana nywele, na bado ananyanyua. Jioni moja nilimkuta amekaa karibu na chuma chake, machozi yanamtoka.

"Pumzika bwana, utajiua," nikamwambia.

"Wewe sema tu. Mimi nanyanyua mpaka silali, wewe hushiki hata jembe na unazidi kututumka. Nikishakuona na hicho kifua, nikirudi kwenye kioo natamani kukivunja."

Niliogopa sana. Ningeweza kunyamaza na kubaki na mabega yangu, na nakiri niliyapenda. Nikavua koti. Nikavua la bibi, la shule, la shingo ndefu, nikabaki na fulana na mbavu, natetemeka.

"Kifua chenyewe ndicho hiki."

Alinikodolea macho. "Yaani muda wote huu nashindana na sweta la bibi yako?"

Akacheka mpaka akalishika bega kwa maumivu. Nami nikacheka, ukungu unaniingia mbavuni, na kwa mara ya kwanza sikujali nani anapita njiani.

Kisha akaliokota sweta la bibi, akaingiza mkono mzima, nikamsaidia ule mbovu. Akafunga vifungo vya maua mpaka juu, mishono ikilia.

"Sema kweli," akaniuliza. "Nimeongezeka?"