Jumapili ya Mwisho ya Majani Mabichi Jazz

Wenzangu mliokulia Rungwe wakati wa bwalo la kiwanda, nyie mtanielewa haraka. Siku hizi kila kijana anatembea na muziki wake masikioni, anatikisa kichwa peke yake njiani, ukimsalimia hasikii. Sisi muziki tuliufuata kwa miguu, Jumapili saa tisa alasiri, tumeshiba ndizi za mbalaga, nguo za kanisani bado mwilini, tope la Tukuyu limetufika magotini.

Bwalo lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mabati, chini kidogo ya kiwanda cha chai. Wakiingia watu hamsini, limejaa. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi na sisi watoto sakafuni, karibu kabisa na wapigaji, hata nikajua kiatu cha nani kimetoboka. Harufu ya majani ya chai yanayokaushwa ilikuwa imeingia mpaka kwenye mbao. Wapigaji walikuwa watano, wote wafanyakazi wa kiwandani: gitaa la solo, gitaa la besi, dramu, saksafoni na tarumbeta. Walijiita Majani Mabichi Jazz. Solo alilipiga mjomba Lusajo, kaka yake mama, msemaji asiyechoka, na ndiye aliyeimba. Tarumbeta aliipuliza baba yangu, Asajile, ambaye nyumbani angeweza kuimaliza siku nzima kwa maneno kumi.

Mvua ikianza kupiga mabati, sauti ya mwimbaji ilimezwa kwanza, kisha magitaa yakafuata. Hapo baba alisogea mbele hatua moja, akafumba macho, na tarumbeta ikapita juu ya ile mvua. Alikuwa na namna yake ya kumaliza wimbo. Sauti ya mwisho hakuikata. Aliishusha taratibu, halafu akaipandisha tena, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka neno. Watu waliingoja hiyo, na ilipokuja kina mama walipiga vigelegele.

Sasa, ile tarumbeta haikuwa yake. Ilikuwa ya kanisa. Alifundishwa kuipuliza akiwa kijana, akawa mmoja wa wapigaji watano wa kanisa letu, wale wanaotangulia mbele ya jeneza, na wanaopiga makaburini alfajiri ya Pasaka kabla jua halijatoka. Kila mpigaji alikaa na chombo chake nyumbani. Baba aliing'arisha kila Jumamosi kwa majivu na ndimu, kwa ajili ya ibada ya asubuhi, na kwa ajili ya dansi ya bwaloni pia. Nadhani wazee wa kanisa walijua. Walijifanya hawajui, na mambo yakaenda.

Mpaka Pasaka moja. Tulisimama makaburini kwenye ukungu, baridi inauma vidole, bibi mzaa baba amenishika mkono. Wimbo wa ufufuo ulikwenda vizuri hadi mwisho kabisa. Wenzake wanne wakakata. Baba akaishusha ile sauti, akaipandisha tena. Hakukusudia, naamini hivyo hadi leo, mdomo ulishazoea. Mama mmoja mbele yangu akayumbisha kiuno, akashtuka, akajifanya anafunga kitenge upya. Nilicheka. Nilipotazama pembeni, nikaona nimecheka peke yangu.

Wiki ileile wazee wawili walikuja nyumbani. Wakanywa chai, wakasema kwa upole kabisa: Asajile achague. Akiendelea na dansi, atarudisha tarumbeta na kutengwa na meza ya Bwana. Wakampa hadi mwisho wa mwezi. Baba alikuwa tayari kutengwa. Nilimsikia akimwambia mama hivyo jikoni, na mama hakubisha. Aliyemzuia ni bibi, kwani hakuwa na mtoto mwingine aliye hai.

"Asajile, mwanangu," alimwambia, "mimi siku zangu zimebaki chache. Nimeshajiambia zamani kwamba nitakwenda kaburini nikitanguliwa na tarumbeta ya mwanangu. Usininyime hicho. Acha dansi, nakuomba kwa jina la Kyala, Mungu wetu."

Baba aliinamisha kichwa.

"Haya, mama. Nitaacha."

Jumapili ya mwisho ya mwezi, bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga bwaloni, alivaa nguo yake ya kanisani akasema anataka kukiona hicho kilichotaka kumchukua mwanawe. Mjomba Lusajo alimpa nafasi kwenye benchi la mbele, akasema kwenye kipaza sauti, "Leo tuna mama yetu hapa, jamani, chezeni kwa adabu." Watu wakacheka kidogo tu. Kila mtu alijua ilikuwa siku gani.

Mvua ilikuja kwenye wimbo wa nne. Baba akasogea mbele. Hakuna aliyecheza tena. Watu walisimama walipo, wengine wameshikana mikono. Mwenye saksafoni alijaribu kumjibu, akashindwa, akaishusha na kubaki anamtazama. Sauti ya mwisho baba aliishikilia mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Niliogopa. Nilidhani akiimaliza ataanguka.

Bibi alikuwa analia wazi, bila kujifuta. Tulipotoka nje alimshika baba mkono wa shati.

"Nilikuwa sijui," akasema. "Mwanangu, nilikuwa sijui. Endelea tu. Kwa wazee nitakwenda mwenyewe."

"Nimeshakupa neno langu, mama."

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza baba kwa mzee wa kanisa. Tarumbeta ilikuwa imeng'arishwa.

"Dansi nimeacha," alisema. "Na hii pokeeni. Mdomo huu siwezi kuuapisha. Nikisimama tena makaburini utafanya vilevile."

Yule mzee alimsihi abaki nayo, tena alimsihi kwa dhati. Baba akaiweka mezani, akaaga, tukarudi nyumbani kwa njia ya mashambani.

Bibi alifariki baada ya miaka miwili. Alitanguliwa na tarumbeta nne. Baba alitembea nasi nyuma ya jeneza, mikono mgongoni, na mimi nilimtazama yeye tu njia nzima.

Leo kanisa lilelile lina magitaa, kinanda na dramu. Vijana wa kwaya wanacheza mpaka jasho linawatoka, na mchungaji anapiga makofi. Wanajua, watoto hawa, siwanyimi sifa yao, ingawa umeme ukikatika nao wanakatika hapohapo, wanaanza kutazamana. Lakini mimi siwezi kupiga makofi. Nina hasira, acha niseme ukweli, kwa sababu hajatokea mtu hata mmoja wa kufika nyumbani kumwambia mzee wangu, Asajile, tusamehe.

Krismasi iliyopita mwanangu, ambaye ndiye mpiga kinanda wa kwaya hiyo, alikaa karibu na babu yake.

"Babu, eti enzi zenu mlikuwa na bendi? Wewe ulikuwa unapiga nini?"

Baba alikoroga chai yake.

"Mimi nilikuwa kiwandani," akasema. "Mashine ya kukaushia."

Nilifungua mdomo niseme. Akaniangalia, mara moja tu. Nikachukua birika, nikamwongezea chai.