Shikamoo, Kaimu

Nilipokuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu uongozi wa shule, nilipangiwa shule moja ya msingi nyuma ya maduka ya jumla ya Kariakoo. Mwalimu mkuu alikuwa amestaafu, na mwalimu wa hisabati, mama mtu mzima, ndiye aliyeachiwa akaimu kwa muda. Muda wenyewe ulikuwa umeshaota mvi.

Walimu wenzake walimwita Kaimu, kwanza kwa utani, mwishowe likawa jina. Watoto nao wakalidaka. Kila asubuhi getini ungesikia, "Shikamoo, Kaimu!" naye, "Marahaba, chomekea shati."

Msimamizi wangu chuoni alitaka niandike kwamba shule ile haina uongozi rasmi. Nilikasirika. Wakubwa walikuwa wameagiza kila mchelewaji arudishwe nyumbani, lakini mvua ikinyesha na bonde la Jangwani likajaa maji, Kaimu alisimama getini na kanga yake, akiwafuta watoto vichwa na kuwaingiza darasani. "Mwanangu, nimrudishe wapi? Kwenye maji?" aliniambia. Kama huo si uongozi, sijui nilikuwa natafiti nini.

Alitamani kuthibitishwa, wala hakuficha. "Hata mwaka mmoja tu niitwe Mwalimu Mkuu, kabla sijastaafu," alisema akicheka. Nikawa namwombea.

Jumatatu moja, afisa elimu kata alikuja na bwana mmoja kijana, mtanashati. Tulikuwa mstarini. Afisa akatangaza kwamba huyo ndiye mkuu mpya wa shule, wamsalimie. Nilimtazama Kaimu. Alikuwa ameishika kengele kwa mikono miwili, isilie.

Watoto wakapaza sauti kwa pamoja: "Shikamoo, Kaimu!"

Walidhani ndivyo mkuu wa shule anavyoitwa. Wengi wao hawakuwahi kusikia jina jingine. Walimu waliinamisha vichwa kuficha kicheko.

Kaimu akasogea mbele. "Siyo hivyo, wanangu. Huyu ni Mwalimu Mkuu. Kaimu ni mimi. Haya, tuanze upya."

Watoto wakasita. Basi akaanza yeye: "Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

Yule bwana, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kuzaa, aliinama kidogo. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," akajibu Kaimu, akapiga kengele ya kuingia darasani.