Fundi wa Pili

Waraka wa Ofisi ya Usalama Kazini unatamka kwa herufi nzito kwamba hakuna mfanyakazi wa kampuni ya mabasi atakayeachwa peke yake wakati wa kuchoma masizi. Mafundi watakuwa wawili, mmoja kwenye kompyuta na mwingine nyuma ya basi, na wote watatia sahihi. Waraka huo umebandikwa ukutani, mahali ambapo Digrii huutazama kila siku, kwa kuwa hakuna mtu mwingine hapo wa kumtazama.

Digrii ni fundi wa miaka hamsini na tatu. Alipewa jina hilo kwa sababu huzungumzia joto kama wenzake wanavyozungumzia mpira. Ndani ya ekzosi ya basi la dizeli kuna chujio la kunasa masizi. Basi la mjini, la kusimama kila kona, halipati joto la kuyachoma, hivyo chujio huziba. Hapo ndipo basi huletwa nyuma ya yadi, injini ikaungurumishwa, na nozeli ndogo ikanyunyiza dizeli ndani ya ekzosi yenyewe. Dizeli inawaka, chujio linafika digrii mia sita, masizi yanakwisha. Ikipungua, masizi yanabaki. Ikizidi, chujio linapasuka na basi linalala yadini miezi miwili. Kompyuta ndiyo inayokadiria kiasi, lakini vipimajoto vya mabasi haya vimezeeka, navyo husema ukweli kwa kuchelewa. Moshi hauchelewi. Ndiyo maana panatakiwa mtu wa nyuma.

Mtu wa nyuma alikuwa Kasuku. Miaka kumi na moja alisimama penye ekzosi akipiga kelele: "Punguza! Punguza bwana, unapika pilau ya nani?" Au: "Ongeza, acha uchoyo!" Katikati ya hayo alisimulia habari za mashemeji zake wote, mmoja baada ya mwingine. Digrii alikuwa akimwomba anyamaze. Mwaka jana Kasuku alistaafu, akahamia mbali kwa mwanawe, na kweli akanyamaza.

Asubuhi iliyofuata kustaafu kwake, mabasi matatu yalikuwa yakisubiri.

"Mwenzangu yuko wapi?" Digrii alimuuliza msimamizi.

"Anakuja wiki ijayo. Mtilie sahihi tu, abiria wako barabarani."

Akamtilia, kwa sahihi ileile ya Kasuku. Ofisi ya mafao ilijua kwamba Kasuku ameondoka. Ofisi ya Usalama ilijua kwamba Fundi wa Pili yupo. Ofisi hizo ziko ghorofa moja, zimetenganishwa na choo.

Tangu hapo Digrii hufanya kazi ya watu wawili kwa miguu yake. Kutoka kwenye kompyuta hadi nyuma ya basi ni hatua ishirini na mbili. Huenda, hutazama moshi, hupaza sauti, "Punguza!", kisha hukimbia mwenyewe kwenda kutii. Kwa nini anapaza sauti, hajui. Nyumbani hapazi; tangu mkewe afariki, hata redio haihitaji kupunguzwa.

Mwezi uliopita, akiwa nyuma, aliona moshi mweupe: dizeli ilikuwa ikimwagika bila kuwaka. Alipoifikia kompyuta, dizeli iliyolundikana iliwaka yote kwa mkupuo. Digrii mia saba. Mia saba na hamsini. Nozeli ilikuwa imekwama wazi. Alirudi mbio kufunga koki ya dizeli kwa mkono, na bomba likamchoma hadi karibu na kiwiko. Alikaa chini akiupuliza mkono wake dakika ishirini, na hakuna aliyepita.

Safari ijayo, alijiambia, huenda asiwepo wa kupuliza. Akaandika barua kuomba mwenzake.

Mama wa masjala alimpigia simu. "Fundi, mbona sikuelewi? Unaomba mtu wa pili, na mtu wa pili unaye."

"Huyo... haonekani sana."

"Haonekani vipi? Ana sahihi mia nne na kumi! Hajaumwa, hajafiwa, hajaomba ruhusa hata siku moja. Baba, wenzako wanatamani mtu kama huyo."

Kukiri kungemfukuzisha kazi. Alishukuru, akakata simu.

Lakini barua yake haikupotea. Ilisomwa, fomu zikahesabiwa, na jibu likaja: kituo cha mashariki kimebaki na fundi mmoja, na kwa kuwa hapa kuna Fundi wa Pili mwenye rekodi isiyo na doa, atahamishiwa huko kuanzia Jumatatu. Hapa ataletwa mwingine nafasi itakapopatikana.

Digrii alimpigia Kasuku, kama alivyompigia siku ile alipoungua.

"Wamekuhamisha."

"Mimi? Nauli wanatoa?"

"Hawajasema."

"Basi siendi," alisema Kasuku, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza taratibu, "Mkono unaendeleaje, ndugu yangu?"

"Unaendelea."

Siku tatu zilizobaki Digrii alikuwa na matumaini, jambo ambalo si kawaida yake. Jumatatu kituo cha mashariki kingelalamika kwamba hakuna mtu aliyefika. Mtu huyo angetafutwa, asingepatikana, na ofisi ingelazimika kugundua yenyewe kwamba mafundi wawili walikuwa mmoja. Yeye asingekuwa amesema neno. Jumatatu aliweka simu mfukoni mwa shati, mahali pa kusikika.

Saa sita mchana fomu ya kituo cha mashariki ilifika masjala. Fundi wa Pili alikuwa ameripoti saa moja kamili asubuhi, yalichomwa mabasi manne, na sahihi zake zote nne zilikuwepo.