Mume Wangu Huvunja Mbao

Mume wangu huvunja mbao. Usicheke kwanza. Wanaume wengine huvunja ahadi, wengine huvunja sahani wakirudi wamelewa, na hakuna anayewapa jina la utani. Wangu anavunja kipande kimoja cha ubao kabla hajaupiga randa, basi mtaa mzima unamwita Vunja. Hata watoto wa jirani wakipita hapa kwenye cherehani yangu huniamkia, "Shikamoo, Mama Vunja." Naitika marahaba. Nifanyeje?

Ni mtu mrefu, mbishi, ana vumbi la mbao hadi kwenye kope, na mdomo wake haujui kunyamaza pale wenye busara wanaponyamaza. Alikuwa na meza yake kwenye karakana ya maseremala, lile banda kubwa la mabati nyuma ya maduka. Wenzake walikuwa na mashine za kununua. Yeye zake zote aliziunda. Msumeno wake wa mkanda unazunguka kwenye ringi mbili za baiskeli. Mashine ya kukereza miguu ya meza inakwenda kwa mota ya mashine yangu ya kufulia iliyokufa, na sina hakika kama ilikuwa imekufa kabisa siku alipoifungua. Cherehani yangu ya kwanza, ile ya kukanyaga, niliiacha nzima nikaenda kumzika shangazi. Nilirudi nikakuta kichwa chake kimelazwa kitandani kimefunikwa shuka, na miguu yake ya chuma imehamia karakana kushikilia keekee ya kutobolea mbao. Nililia? Thubutu! Nilimnunia mpaka aliponinunulia ya umeme, na hiyo nikaifunga mnyororo.

Lakini mashine iliyompa jina ni ile ya kuvunjia. Fremu yake ni vyuma vya kitanda kikuukuu. Juu imening'inia jeki ya lori, ile ya kuzungusha kwa mkono, na chini imekaa mizani ya kupimia magunia. Kipande cha ubao kinalazwa juu ya vyuma viwili, mume wangu anazungusha, jeki inashuka katikati, ubao unapinda, mizani inasema. Kanuni yake ni moja: jicho la ubao, yaani pale tawi lilipoota, lazima litazame chini. Ubao ukipinda, upande wa chini ndio unaovutwa, na kwenye jicho ndipo unapoachia. Ukiliweka juu, ubao mbovu utakudanganya mchana kweupe. "Ubaya wake uwe chini," husema, "tuuone."

Tena anasikiliza. Ubao mzuri hulia kabla haujavunjika. Unatoa mlio, unachanika nyuzi ndefu, na aliyeukalia anapata nafasi ya kuruka. Ubao mbovu hausemi kitu, unakatika tu kama biskuti.

Tabia hii aliipatia ukweni. Alipokuja kunichumbia alibeba kiti begani, zawadi ya mama yangu, kiti kizuri kinachong'aa. Mama ni mwanamke wa mwili wake. Akakaa, akajiegemeza, akaanza kusema, "Kizuri, mwana—" na hapo hapo akawa sakafuni. Baba akatazama dari. Shangazi alitoka nje akacheka mpaka akashika ukuta. Mama hakuinuka. Alimuuliza kutoka pale pale chini, "Mwanangu, ubao huu ulikuwa unaujua, au mlikutana tu njiani?" Maskini! Alikuwa ameununua kwa sura. Baadaye mama akaniambia nimkubali, eti mtu aliyeaibika vile mbele ya wakwe harudii kosa maishani. Na kweli hajarudia.

Sasa sikiliza. Karakana ilipata kazi ya dabodeka, vile vitanda vya juu na chini, kwa bweni la wasichana la shule iliyo hapa juu. Ilikuwa kazi ya mafundi wote. Mwenyekiti wao, mzee wa sauti ya upole ambaye ndiye aliyemfundisha mume wangu kunoa patasi, akaagiza mbao kwa Kigogo. Kigogo ni muuza mbao, ghala lake linatazamana na karakana, na hilo jina analipenda mwenyewe. Mbao zikaja nyekundu, laini, zinateleza. Kila mtu akasifu. Mume wangu akanusa ubao mmoja, akapitisha kidole, kidole kikatoka na rangi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi zilikuwa zimejipaka na poda kabisa.

Akakata kipande, jicho chini, akazungusha. Ta! Mizani haikuwa hata imeanza safari. Akakata kutoka ubao mwingine. Ta! Wenzake wakasogea. Kigogo naye akavuka barabara kuja kuona.

"Huu ni mti mchanga, umekatwa kabla ya siku zake ukapakwa rangi," mume wangu akasema. "Chaga za kubeba godoro hazitoki humu. Msichana wa juu atamwangukia wa chini, na ubao hautawaonya."

Kigogo akacheka. "Wewe Vunja, hata mkeo ukimweka kwenye hiyo jeki atakatika."

Ala! Nami nimesimama pale na bakuli la chakula mkononi. "Weka mbao zako kwanza," nikamwambia, "mimi nitakuja nikimaliza kukuvunja wewe."

Mafundi wakacheka, lakini Mwenyekiti hakucheka. Alichukua kipande kingine, akakigeuza jicho likatazama juu, akazungusha mwenyewe taratibu. Kikapinda, kikavumilia. Watu wakapiga makofi. "Unaona, kijana?" akasema kwa upole wake. "Ni namna unavyokiweka tu."

"Mzee, mbao hizi zina macho pande zote mbili," mume wangu akamjibu. "Utawaomba watoto walale upande gani?"

Hapo Kigogo akaacha kucheka. Akasema, watu wote wakisikia, kwamba mashine ile ikiendelea kukaa humo ndani, hakuna ubao wake hata mmoja utakaovuka barabara. Hapa kwetu hakuna ghala jingine la karibu. Mafundi wakatazamana, na nikaona woga unavyopita kwenye uso wa mtu mzima.

Wakaitana kikao jioni ile ile. Niliingia bila kualikwa, futi yangu ya kupimia shingoni. Wakamwambia mume wangu kwa heshima: ondoa mashine, wewe baki. Wana watoto, wana kodi, hawana ugomvi naye. Mume wangu akasema, "Mimi na huyu hatuachani," na mpaka leo sijui alikuwa ananionyesha mimi au ile fremu ya kitanda.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," Mwenyekiti akasema akitikisa kichwa.

"Basi tutaingoja, Mzee," nikasema mimi. "Lakini mjue mnachofanya. Hamumfukuzi mtu mbishi. Mbishi namjua, ni wangu, hata mimi nimeshatamani kumfukuza. Mnafukuza mizani ili msione. Msichana akivunjika shingo, mtasema ni ajali, na nyote mliokaa humu mtajua siyo ajali. Haya, tusaidieni kubeba."

Hakuna aliyetusaidia. Tulibeba wenyewe, mimi upande mmoja yeye upande mwingine, kupita katikati ya maduka, watu wakituuliza kama tunahama. Nilikuwa na hasira hata sikusikia uzito. Mashine ikaingia kwenye duka langu la kushonea, chumba cha nyuma ninapoweka vitambaa, na sehemu ya kulaza kitambaa nikate ikawa haipo. Nikawa nakata sakafuni nimepiga magoti. Mgongo ulinilaani, sikuujibu.

Asubuhi tukapanda shuleni kumwona mama mlezi wa bweni. Alitusikiliza amesimama mlangoni, kisha akasema Mwenyekiti ni mtu mzima, amemhakikishia, na sisi tumefukuzwa kwa hiyo tuna uchungu. Mume wangu alimtolea kipande kilichovunjika. Hakukipokea. Akafunga mlango polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku zikapita. Kutoka dukani kwangu nilikuwa nasikia nyundo za karakana, na kila pigo nilikuwa najua ni kitanda. Mume wangu alipata vikazi vya kuokoteza, droo hapa, mlango pale. Kuna usiku aliniuliza kama nadhani amekosea. Nikamwambia alikosea siku alipogusa cherehani yangu, mengine yote yuko sawa, alale.

Halafu wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa fundi wa makochi. Alikuja saa za jua kali, watu wakiwa ndani, akapita uchochoroni akabisha mlango wa nyuma. "Shemeji, salama? Bwana yupo?" Chini ya shati ana kipande cha ubao. Ni cha kitanda chake cha nyumbani, akasema, anataka tu kuwa na hakika. Kikavunjwa. Akashukuru, akatoka kwa uchochoro. Akaja wa pili, kipande kwenye gunia la mkaa. Akaja mwingine na chake kimeviringishwa kwenye gazeti. Wale wale waliopiga makofi! Kwa nyumba zao walitaka mizani, kwa watoto wa watu ilitosha kugeuza jicho juu. Mume wangu aliwavunjia wote, akiwaangalia tu. Mimi maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, lakini alikuwa ameniomba nisiseme, na kwa mara moja katika ndoa yetu nikamtii.

Siku ya mwisho kabla shule haijafunguliwa, duka langu la mbele lilikuwa halina pa kukanyaga. Akina mama wamekaa kwenye benchi, wengine wamesimama, wote wanangoja sare za binti zao. Nami nashona huku nawatuliza. Mlango wa nyuma ukabishwa. Nikaenda kufungua, nikamkuta Mwenyekiti.

"Mwanangu," akasema, "nina mjukuu amekuja kukaa kwangu. Namtengenezea kitanda." Akatoa kipande kutoka ndani ya koti. Chekundu, laini, kinateleza.

Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mwalimu wake. Akakiweka jicho chini, na mzee hakubisha safari hii. Akazungusha. Ta!

Mwenyekiti aliokota vile vipande viwili, akavitazama pale vilipokatika. "Basi nitatafuta kwingine," akasema. "Nifungulie, mwanangu, nipite hukuhuku."

Nikasimama mbele ya mlango. Ile ahadi ya kunyamaza iliishia hapo.

"Hupiti huku, Mzee."

"Mke wa fundi, tafadhali."

"Mjukuu wako ana mifupa, na wale wa bwenini wana nini? Chaga zao zimetoka kwenye rundo gani, si hili hili? Nikuheshimu vipi, Mzee, wakati unakuja kwangu kwa uchochoro na ukweli umeuficha kwenye koti?"

"Kigogo atatufungia ghala lake. Unataka vijana wangu wafe njaa?"

"Nataka upite mbele. Njia ni ile."

Alimtazama mume wangu amsaidie. Mume wangu akainama kufuta mizani, ambayo ilikuwa safi. Basi mzee akasogeza pazia, akaingia dukani, katikati ya akina mama na sare za bluu zilizotundikwa kila mahali, vipande vyake mkononi, mimi nyuma yake. Wakampisha, wakamwamkia. Angeweza kupita tu. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi, na Mungu ni shahidi, nilidhani atapita.

Mama mmoja, binti yake amesimama mbele yake na pindo la sketi bado lina pini, akauliza kwa mazoea tu, "Mzee, hicho umebeba ni nini?"

Mwenyekiti akasimama. Alimwangalia yule binti, akaangalia chini, akaangalia ile sketi. 

"Ni chaga," akasema. "Ya vitanda vyao." Akamkabidhi yule mama kipande kimoja. "Nimevitengeneza mimi. Msiwalaze."

Sitaki kukudanganya kwamba tuliishia kwa vigelegele. Akina mama walipanda shuleni na sare ambazo hazijaisha kushonwa mabegani, na vitanda vikatolewa nje siku ile ile. Kigogo alitimiza kiapo chake, ingawa mashine ilikwisha kutoka karakana. Karakana ilikaa bila ubao, mafundi wakaenda kubeba mizigo, na wapo ambao hadi leo wakiniona wanavuka barabara. Mwenyekiti aliacha uenyekiti. Huja kwetu jioni na kupita mlango wa mbele, anakaa na mume wangu, wanasafiri mbali pamoja kutafuta mbao na kurudi na chache. Vitanda vipya vinakwenda kimoja kimoja, na kila ubao wake umevunjwa kipande hapa dukani, mlango wazi, anayetaka atazame.

Wasichana walianza muhula wakilala kwenye magodoro sakafuni. Mama mlezi alinikuta sokoni, akanisimamisha mbele za watu, akaniuliza kama sioni aibu kwa niliyoyasababisha, watoto wa watu kulala chini.

"Sioni," nikamwambia. "Aliyelala chini hana pa kuanguka."