Mwaka Niliokaa Kimya Glenwood

Sisi tuliokuwa watoto Durban kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, tulifuga viwavi wa hariri. Wa rika langu mtakumbuka: boksi la viatu, kifuniko kimetobolewa matundu kwa peni, na ndani weupe wale wanatafuna majani kutwa kucha mpaka ukitega sikio unawasikia. Ikifika Septemba shule nzima ilinuka majani mabichi. Watoto wa leo nao wanafuga, nimewaona, ila ndani ya tableti, na mnyama wao akifa wanambonyeza anafufuka. Tungeipata wapi sisi bahati hiyo!

Lakini mwaka wangu wa kwanza sikuwa na boksi wala rafiki. Tulifika kutoka Uvira, Kongo, mwezi wa sita, baridi ikiuma: Baba, Mama na mimi Riziki, wa miaka kumi. Tulipanga chumba cha uani katika nyumba kuukuu mtaani Glenwood. Uani palikuwa na mti mmoja mkavu, hauna hata jani. Kwetu tulijua mvua na kiangazi tu, na mti uliopukutika hivyo ni wa kuni. Baba, aliyelinda magari kwenye maegesho na hakujua kukaa bure, aliuzunguka na panga.

"Hii muti ilisha kufa," akasema. "Nitaikata, tupande lenga-lenga." Mchicha, alimaanisha.

Kaka Idrisa, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Tanga aliyepanga chumba cha mbele, akatokeza dirishani na mswaki mdomoni. "Baba Riziki, huo ni mforosadi. Haujafa, umelala. Subiri majira ya machipuko utaona."

Idrisa alikuwa amekuta chumbani mwake kitabu kisicho na jalada, kilichoachwa na mpangaji aliyemtangulia, kuhusu Tao, hekima ya kale ya Wachina. Akakimeza. Kila kitu kina njia yake, alituambia, na mto haumhitaji mtu wa kuusukuma; ukilazimisha, unaharibu. Kwa hekima hiyohiyo hakujilazimisha kusoma kwa ajili ya mtihani, akafeli somo moja. Baba, aliyemwita "mwanafunzi" kwa Kifaransa, alicheka wiki nzima.

"Étudiant, hiyo Tao yako ni uvivu yenye ilienda ku masomo."

"Sawa Mzee, lakini nipe mpaka Septemba."

Baba akampa, kwa shingo upande.

Mimi ndiye niliyekuwa shida kubwa kuliko mti. Shuleni waliniweka na watoto wa miaka minane kwa sababu sikujua Kiingereza, nami nikafunga mdomo. Haukuwa ukaidi. Maneno niliyasikia, mengi nikayaelewa, ila yakifika kooni yalikwama, na aibu ilinijaa hadi masikio yakawaka moto. Kila jioni, baada ya bugali na ndagala, dagaa wa kwetu, Baba aliniketisha mbele yake. "Sema hata kitu moja ya anglais." Nilitazama vidole vyangu. Mwishowe akakata shauri: shule ikifungwa Desemba sijaongea, sirudi tena. Nitakaa na shangazi, aliyetutangulia Durban, kwenye saluni yake Greyville nijifunze kusuka. Baba hakuwa mkatili. Alikuwa ametuvusha mipaka mingi kwa ajili ya shule ile, na aliogopa kwamba amekosea. Nililia bafuni, bomba likiwa wazi.

Agosti ikaisha, upepo ukageuka, ukaja kutoka baharini na unyevunyevu wake. Siku zile nazikumbuka kama niliziota. Miti ya misinsi barabarani iliwaka maua mekundu kabla haijavaa jani hata moja, ndege wa manjano wakafuma viota wakigombana, na jioni zikaanza kurefuka. Nilikaa kwenye ngazi ya uani sifanyi lolote, nikisikia joto la saruji chini ya nyayo. Halafu asubuhi moja mti ule ulikuwa na vichipukizi vya kijani kila kitawi. Mama alipiga kigelegele. Baba alivigusa kimoja kimoja, akaguna kwamba miti ya huku inatania watu. Idrisa alipotaka kuongeza neno kuhusu mimi, Baba alimkatiza.

"Muti ni muti. Mutoto ni mutoto."

Wiki chache baadaye viwavi walijaa shuleni na majani ya mforosadi, chakula chao pekee, yakaadimika. Nomsa, tuliyekaa naye dawati moja, alifungua boksi lake wakati wa mapumziko, akakuta wengi wamekufa njaa, akaangua kilio. Sikuwaza. Nilimwambia, kwa Kiingereza kibovu kuliko chote kilichowahi kusemwa Durban, kwamba kwetu kuna mti, majani mengi, twende.

"Hawu!" akashangaa, machozi bado mashavuni. "Kumbe unaongea!"

Mchana ule watoto saba walinifuata nyumbani. Niliwapanga mstari, nikawafokea wasivunje matawi, nikichanganya na Kizulu ambacho sikujua nimekiokota lini. Baba alirudi mapema, akasimama getini na kofia mkononi. Nilidhani atakuja. Badala yake alizunguka nyumba nzima akapitia mlango wa mbele, asitukatize. Jioni hakuniketisha. Alinisogezea ndagala zote zilizobaki kwenye sahani, akatoka nje kuongea na Idrisa. Desemba ikaja ikapita, na hakuna aliyetaja saluni.

Leo naishi Westville, na ninalipwa kwa kuongea mbele ya watu. Binti yangu Neema ana miaka saba, Kiingereza anakimwaga kama mtangazaji, Kiswahili hataki hata neno. Baba anaishi nasi, na Kiingereza chake hakikuvuka yale maegesho ya magari. Wanakaa barazani wawili hao, wakimenya maharage, kimya. Mimi ndiye nimekuwa msumbufu: nimebandika maneno kwenye friji, nimenunua masomo ya kwenye simu, nimeahidi aiskrimu. Jumapili iliyopita nilimvuta Neema mkono amsalimie babu yake, akaanza kulia.

"Muache," Baba akasema, bila kuinua macho kwenye maharage. "Miye siko na haraka."

Enzi zetu haraka ilikuwa ya wazee, na watoto tulikuwa na muda wote duniani. Naamini Baba amesema kweli, kwamba neno halivutwi kwa mkono, na kwamba Neema atalisema siku yake ikifika. Lakini Baba ana miaka sabini na nne, na akipanda ngazi siku hizi anapumzika mara mbili. Nimekaa karibu yao, nimeziba mdomo wangu, na naogopa.