Finjani Iliyowekwa Chini

Wadha aliteremka melini na karatasi ya duara kifuani, rangi ya machungwa, yenye nambari ya basi. Walimbandika bila kumuuliza, juu ya buibui lake jipya, kama kreti ya nyanya inayokwenda sokoni. Aliiacha. Leo alikuwa radhi kuwa kreti ya nyanya, mradi aingie barazani kwa Khalfan.

Khalfan alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mwaka wa pili huu alikuwa ameikalia ndoa ya Lulwa, binti pekee wa Wadha. Lulwa alikuwa ameposwa huko kwao Manama na Ghanim, kijana mtulivu mwenye kazi yake, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa neno la walii, msimamizi wa kumwozesha. Baba wa Lulwa amekufa, babu amekufa, kaka hana. Walii ni ami yake, na ami yake alisema, "Mtoto wa kaka yangu nimemwekea mwanangu." Basi. Ami akishasema hivyo, kwa mila ya watu wale, hakuna posa nyingine itakayopita, hata kama huyo mwana mwenyewe ana mke na watoto na hamjui msichana kwa sura. Kwenda kwa kadhi, Lulwa alikataa katakata. Hakutaka kuanza maisha yake kwa kumshitaki ndugu wa baba yake.

Mara mbili Wadha alipanda ndege kuja Dubai kumwomba. Mara mbili alikuta mlango umefungwa na mtumishi akisema bwana yuko jangwani kwa ngamia wake. Kumbe jamaa walikuwa wakimpigia simu Khalfan kabla ndege haijatua.

Kisha siku moja Lulwa, ambaye anafanya kazi katika ofisi ya kukatia watalii tiketi, alirudi nyumbani amekunja uso, karatasi ya matangazo mkononi.

"Mama, hebu mtazame huyu."

Wadha hakusoma, ila uso haukuhitaji kusomwa. Ni Khalfan, kanzu nyeupe pe, dele la kahawa mkononi, meno yote nje. Na mlango ule nyuma yake aliujua kwa kila msumari. Ulikuwa mlango wa nyumba yake yeye Wadha, nyumba ya ndoa yake, ambayo Khalfan alimtoa humo eda haijaisha.

"Wameandika nini hapo chini?"

"'Onja ukarimu wa kweli wa Waarabu.' Abiria wa meli wanapelekwa wakishuka."

"Rudia."

Lulwa akarudia. Wadha akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. "Nikatie tiketi ya meli hiyo," alisema.

Asubuhi nzima basi liliwazungusha. Waliinua shingo kuutazama mnara mrefu kuliko minara yote, wakaingizwa dukani mlimo na theluji ndani, wakapita baina ya madirisha ya dhahabu wakipiga picha kama wendawazimu. Jirani yake kitini, bibi wa Kijerumani aliyeitwa Gerda, alikuwa akimshika mkono kila mara na kumwonyesha: tazama, tazama! Wadha alitazama. Aliona mji uliojua kumtengenezea mgeni theluji na ulioshindwa kumpa mjane chumba kimoja.

Adhuhuri wakafika.

Nyumba ilikuwa imepakwa rangi ya udongo ili ionekane kuukuu. Ramzi, kijana wa Kimisri aliyekuwa akiwaongoza, aliwaonyesha kwanza vyoo, nyuma uani. Wadha alisimama pale akashindwa kusogea. Chumba kile ndimo alimomzaa Lulwa. Sasa kilikuwa na mabomba ya kung'aa na picha ya mwanamke mlangoni.

Barazani wakaketishwa juu ya matakia. Katika miaka yake yote ya kuwa mke wa nyumba ile, Wadha alikuwa akiingia humo kufagia tu. Leo aliingia kwa sababu ana karatasi ya machungwa. Alishusha nikabu vizuri, akakaa karibu na Gerda.

Ramzi aliwaeleza wageni mambo ya kahawa. Mwenyeji humimina kidogo tu, chini ya finjani. Akikujazia mpaka juu, anakwambia kunywa uende zako. Na mgeni mwenye haja kubwa huweka finjani chini mbele yake, asinywe, mpaka mwenyeji amkubalie haja yake. Mgeni akiondoka bila kunywa, aibu ya mwenyeji haifutiki. Wageni wakaguna kwa raha. Khalfan alitikisa kichwa kwa madaha, kama kwamba mila hiyo kaitunga yeye.

Akapita akimimina. Mjerumani, Mjerumani, Mwitaliano, buibui jeusi. Hakumtazama hata usoni; macho yake yalikuwa kwenye simu za watu zilizokuwa zikimpiga picha.

Wadha alipokea finjani kwa mkono wa kulia. Akaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya magoti yake.

Gerda alikuwa wa kwanza kuiona. Akapiga ukelele mdogo wa furaha, akawaonyesha wenzake. Simu zote zikageuka.

"Kunywa, bibi," alisema Khalfan, bado anatabasamu.

"Nina haja, Khalfan."

Sauti ile ilimpiga. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yalihama.

"Mama Lulwa," alisema kwa sauti ya chini. "Umeingiaje humu?"

"Kwa tiketi. Si ndivyo watu wanavyoingia nyumbani kwangu siku hizi?"

"Usilete fujo mbele ya wageni."

"Mimi ndiye mgeni. Nimebandikwa, tazama."

Khalfan aliinama kana kwamba anarekebisha takia. "Haya ni maonyesho tu, mwanamke. Hii si baraza ya kweli."

"Basi waambie. Ramzi! Njoo, mwanangu. Bwana anasema ukarimu huu ni wa maonyesho. Watafsirie hawa watu."

Ramzi alimtazama Khalfan, akamtazama Wadha, akajikuna shingo. "Nitafsiri, bwana?"

"Nyamaza wewe!"

"Wanasubiri," alisema Wadha. "Kahawa inapoa."

Gerda na wenzake walikuwa wamejongea kwa magoti, simu juu, wameshika pumzi kama watoto mbele ya mazingaombwe. Jasho lilimtoka Khalfan chini ya kilemba.

"Kunywa," alisema hatimaye. "Haja yako imekubaliwa."

"Haja gani?"

"Unaijua."

"Mimi naijua. Aijue na baba yake Ghanim." Alitoa simu yake, imekwisha kupigwa, sauti imefunguliwa, akamnyooshea. Mzee wa Manama alikuwa tayari upande wa pili akiita halo, halo. "Sema."

Khalfan aliitazama simu ile kama mtu aliyepewa nge ashike. Kisha akasema, kila neno likikwaruza: Lulwa yuko huru, posa imekubaliwa, yeye mwenyewe atakuja kumwozesha. Mzee alimshukuru Mungu mara nyingi.

Wadha akainua finjani chini ya nikabu, akanywa. Ilikuwa baridi na chungu.

Baraza ikalipuka makofi. Wadha alidhani, kwa kitambo kifupi, kwamba makofi ni yake. Lakini wageni walikuwa wamesimama kumzunguka Khalfan, wakimshika bega, wakipanga foleni ya kupiga naye picha. Naye, kiumbe yule, alikuwa amekwisha kuupata uso wake tena. Mkono kifuani, akiinamisha kichwa, akipokea.

Basini Gerda alimwambia Ramzi kitu huku akimpapasa Wadha goti.

"Anasema yule bwana ana moyo mkubwa sana," Ramzi alitafsiri bila kumtazama. "Amekupa ulichotaka hapo hapo."

"Mwambie choo alichoingia ndicho chumba nilichozalia."

"Mama…"

"Mwambie."

Ramzi akasema. Mkono wa Gerda ukatoka gotini polepole. Mpaka bandarini hakuonyesha tena kitu dirishani.

Simu ikalia. Lulwa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama, amekubali! Baba yake Ghanim yuko hapa! Kumbe ami ana huruma, mama. Nimpigie nimshukuru?"

Wadha aling'oa ile karatasi kifuani, ikatoka na nyuzi za buibui.

"Usimshukuru mtu kwa kukurudishia kilicho chako," alisema. "Olewa, mwanangu, uolewe kwa heri. Na arusini ami yako atakuja, lazima aje. Waambie watumishi wasimhudumie. Kahawa yake nitammiminia mimi mwenyewe, mbele ya watu wote."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Nitaijaza mpaka imwagike."