Ndago ya Shimo la Greda

Hapa Koboko, bibi arusi wa Kinubi hatoki ndani bila kupakwa manukato ya Habuba Hawah. Habuba ni bibi, ndivyo tunavyoita. Kazi hiyo ameifanya miaka arobaini. Mizizi ya ndago huichimba mwenyewe huko Lobule, akaianika, akaitwanga, akaichanganya na karafuu na mafuta. Hana kijiko cha kupimia. Hupima kwa pua.

Safari hii bibi arusi alikuwa Sumayah, na arusi ilikuwa Ijumaa. Jumanne Habuba alinipa kinu, maana mikono inamuuma. Nikatwanga, mtoto mgongoni. Ndago ikipondwa, nyumba nzima inajua. Hii ilinuka udongo tu.

Nikaogopa kusema. Mimi ni mke wa mjukuu wake. Nimfundishe yeye ndago?

"Habuba, hii ulichimba wapi?"

"Pale greda ilitoa udongo ya barabara. Iko laini, mkono haiumi. Twanga, wewe! Unatwanga kama mutu anabembeleza mahindi."

Kesho yake nikapanda boda mpaka Lobule. Kuzunguka shimo lile majani ya zamani yamekwisha, na kijani kimoja kimetanda kama mkeka. Nikang'oa shina, nikalizungusha vidoleni: pembe tatu, sawasawa na ndago. Macho ya Habuba ni mazito siku hizi, anajua majani kwa vidole. Lakini ndago ina kichwa cha kahawia kilichotawanyika kama ufagio mkuukuu. Hili lilikuwa na kichwa kimoja, cheupe, mviringo kama kifungo cha shati.

Drateru, mwenye shamba la jirani, akacheka. "Hiyo imekuja na matairi ya greda. Zamani haikuwa hapa. Kama unataka ndago, njoo kwa muhogo yangu uchukue yote, inanitesa!"

Nikachimba za kutosha, nikaongeza chache za shimoni.

Nyumbani nikaponda mzizi mmoja wa kila aina, nikamwekea Habuba mbele ya uso.

"Nusa, Habuba."

Akanusa huu. Akanusa ule. Akarudi kwa wa kwanza. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Tangu lini husikii harufu?" nikamuuliza.

"Tangu ile homa ya korona. Nilisema itarudi." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Nilikuwa napima kwa kukumbuka. Usiambie mutu."

Miaka yote hiyo ndago yake ilitoka mahali pamoja, kwa hiyo kumbukumbu ilimtosha.

Unga wa jana akaumwaga jaani mwenyewe. Mizizi ya Drateru tukaianika juu ya bati, na Alhamisi, nilipokwisha kuitwanga, akanisukumia kinu, akashika chupa ya mafuta.

"Mimi nitamwaga. Ikitosha, wewe sema."

Akamwaga kidogo. Nikainama, nikanusa. Ilinukia vizuri, lakini vizuri vya nani? Sikuwahi kuuliza harufu inatakiwa ifike wapi.

"Iko sawa?"

"Bado, Habuba," nikasema, nikiwa sijui nasubiri nini.

Akamwaga tena.